Akiba ya Nyumbani na Moyo Uliokata Tamaa

Mwaka jana katika kurasa hizi za Chama chetu cha Kiswahili niliandika vitendawili na vitanzandimi, na wengi wenu mkanicheka kwamba napenda mchezo. Mwaka huu nimekuja na jambo zito kidogo. Nataka kueleza jinsi nyumba inavyoweza kupoteza moyo kwa sababu ya pesa, na jinsi inavyoweza kuupata tena hata kabla pesa zenyewe hazijaongezeka. Jambo hili sikulitoa kitabuni pekee. Nililiona kwetu, chini ya mabati ambayo baadhi yenu huyapita kila asubuhi mkija shule.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kabisa. Lakini hawakutuambia kwamba akiba ikifichwa sana, na madeni nayo yakifichwa, kinachooza ni roho za watu wanaolala nyumba moja.

Sisi twaishi upande wa Runyenjes, kaunti ya Embu. Mama alizaliwa Igembe, kule Meru, kwa hiyo likizo ya Agosti huwa tunapanda matatu hadi Maua kwa mjomba. Ni katika kulinganisha nyumba hizi mbili nilipoanza kufumbua macho. Kwetu kuna miti 240 ya kahawa, migomba na ng'ombe mmoja. Kwa mjomba kuna miraa.

Pesa za kahawa huja kwa mkupuo. Unachuma, unabeba hadi kiwandani, unapimiwa, unapewa risiti, kisha unangoja. Kahawa itolewe ganda, ichachushwe, ioshwe, ikaushwe, ikobolewe, ipelekwe mnadani Nairobi, na wewe bado unangoja. Malipo yenyewe yaweza kufika miezi mingi baadaye, wakati umeshasahau mgongo ulivyouma. Wakulima wa chai wa Mungania na Rukuriri wana afadhali, maana wao hulipwa kitu kidogo kila mwezi kisha wakapata bonasi mwishoni mwa mwaka wao wa hesabu. Miraa ndiyo ya haraka kuliko zote. Mnunuzi huja shambani na kulipa papo hapo.

Ungedhani basi kwa mjomba hakuna shida. Thubutu! Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi Juni 2014, na soko lile likafungwa kama mlango. Machi 2020, wakati wa korona, Somalia ilizuia ndege za miraa, na hazikuruhusiwa tena hadi Julai 2022. Miaka miwili na ushei! Muguka wa Mbeere, ambao ni ndugu yake miraa, ulipata yake Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoukataza, hata kesi ikaletwa Mahakama Kuu ya Embu. (Kama majani haya ni mema au mabaya ni mjadala wa siku nyingine. Nikiuanza hapa mwalimu mlezi atanifyeka kurasa zote.) Mjomba huniambia kwamba anayepokea pesa kila juma hajifunzi kuweka, kwa kuwa anajua Ijumaa ijayo ipo. Siku Ijumaa hiyo isipofika, nyumba nzima inatetemeka.

Kwa hivyo yule wa mkupuo hukopa akingoja, na yule wa kila juma hutumia akitumaini. Wote wawili wanaweza kujikuta chini, hawana hamu ya kushika jembe. Sasa nirudi kwetu.

Mwaka 2023 baba alianza kukopa kwa simu. Alinunua mbolea, akalipa sehemu ya karo ya kaka yangu aliye shule ya bweni, na zingine sijui zilikwenda wapi. Mkopo wa simu ni mtamu kwa sababu hauulizwi maswali. Hakuna mdhamini, hakuna kuvaa koti kwenda benki. Unabonyeza, simu inalia, pesa ziko ndani. Lakini tulia tupige hesabu, maana wengine wenu mnajidai mabingwa. M-Shwari, iliyokuwa ya kwanza kuenea nchini, ilianza Novemba 2012 ikitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukichukua shilingi 3,000 kwa kiwango hicho, baada ya mwezi unarudisha 3,225. Hizo 225 ni kama si kitu, sivyo? Basi ukizungusha mkopo huohuo kila mwezi kwa mwaka mmoja umelipa 2,700 za ada peke yake, na zile 3,000 bado unadaiwa!

Malipo ya kahawa yalipofika, yaliingia mdomoni mwa madeni yakaisha. Baba alikopa tena ili tule. Ndipo alipobadilika. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo akawa analala hadi jua linapiga dirishani. Mibuni ikaachwa bila kupogolewa, machipukizi yakasimama kama nywele za mwendawazimu. Mezani alikula kimya, na ukimwuliza kitu alijibu "Eee" hata kama swali halikutaka "Eee." Majirani walisema amekuwa mvivu. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilianza kuamini hivyo.

Baadaye mwalimu wetu wa Biashara alitusimulia utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, nami nikahisi kama alikuwa akimzungumzia baba. Wataalamu walikwenda Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa ambao hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alipewa mafumbo ya kupima akili mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa umekauka, na baada ya mavuno, mfuko ukiwa umejaa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Si kwamba alikuwa mjinga kisha akawa mwerevu. Akili ilikuwa moja, ila sehemu yake kubwa ilikuwa imekwenda kukaa na yale madeni, na iliyobaki haikutosha kazi nyingine. Nadhani baba hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka kwa kazi ambayo hatukuiona.

Mama naye alikuwa na siri yake. Nyuma ya debe la unga palikuwa na mkebe wa kakao, na ndani yake noti zilizokunjwa. Alizipata kwa kuuza maziwa na ndizi, akaziweka kwa ajili ya siku ya ugonjwa. Hakuthubutu kuzitaja kwa sababu aliogopa zitamezwa na kitu asichokijua. Alikuwa sahihi kuogopa. Tazama basi jinsi tulivyokuwa tukiishi: baba ana madeni ambayo mama hayajui, mama ana pesa ambazo baba hazijui, na sisi watoto hatujui lolote ila tunaona nyuso. Pesa zilikuwa za kila mtu peke yake, lakini hofu ilikuwa ya wote.

Mambo yalifika kilele kaka yangu alipotumwa nyumbani kwa salio la karo. Usiku huo baba alitangaza kwamba amekubaliana na dalali wa mifugo, na ng'ombe atachukuliwa asubuhi kwa shilingi 38,000. Kaka aliinama. Mama alitoka nje. Mimi nilijua maana yake, kwa sababu ni yule ng'ombe aliyeninunulia sare ya Kidato cha Kwanza, tena pesa zangu za chakula cha mchana hutoka kwenye titi lake. Karo ya masomo katika shule za kutwa hulipiwa na serikali, lakini chakula, sare na mitihani hazilipiwi na upepo. Ng'ombe akienda, na mimi nakwenda.

Shosho, mamake baba, alikuwa amekuja kwetu kutibiwa meno. Ni mtu wa maneno machache. Alivua kitambaa chake, akakikunja magotini, akasema, "Mwanangu, kabla ya kuuza, unajua tuna nini?"

Baba akasema hatuna kitu.

"Sikukuuliza kama tuna kitu. Nimekuuliza kama unajua."

Kisha akatusimulia habari za mwaka 1989. Mwezi wa Julai mwaka huo makubaliano ya kimataifa ya kugawiana soko la kahawa yalivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Huku kwetu watu walipanda mahindi na maharagwe katikati ya mibuni. Shosho alisema guka, marehemu mume wake, hakumwambia walikuwa na deni kwenye chama cha ushirika. Aliuza kipande cha shamba kimyakimya, kumbe yeye Shosho alikuwa na pesa kwa kikundi cha akina mama ambazo zingetosha nusu ya deni lile. "Shamba lile ndilo mnalopita mkienda kanisani," akasema. Baba alikuwa akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Basi mama aliingia jikoni akarudi na mkebe. Aliumimina mezani. Shilingi 7,400. Baba aliutazama ule mkebe kwa muda mrefu, kisha akatoa simu na kusoma madeni moja moja, sauti ikiwa chini. Pamoja na salio la karo ya kaka yalifika 19,600. Mimi nilikimbia kuleta daftari la Biashara, nikageuza ukurasa wa mwisho nikaandika. Nilikuwa na 350 za kuuza parachichi, nikaziweka pia. Mama akasema zamu yake kwenye chama ni baada ya majuma matano, atapokea 6,000. Toa hizo zote kwenye deni: linabaki 5,850. Ng'ombe tulikuwa tukimkamua lita sita za kuuza kila siku, shilingi 50 lita, yaani 300. Tukiweka nusu yake, deni lingeisha kwa siku 39.

Siku 39! Kwa miezi baba alidhani anaburuta mlima, na mlima wenyewe ulikuwa siku 39 za nusu ya maziwa. Hakuruka kwa furaha kama kwenye filamu. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kuna chai. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kumsikia akiomba kitu. Asubuhi dalali alirudi alikotoka akiwa amenuna.

Tangu siku hiyo tuna kikao cha Jumapili jioni, nami ndimi karani. Acha nieleze pesa zetu hukaa wapi na kwa nini, maana wenzangu kadhaa wameniuliza.

Kwanza kuna mkebe, au kibubu kama waitavyo watu wa pwani. Wengi huudharau. Hata hivyo kuna utafiti mwingine wa 2013, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliofanywa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wa vikundi vya kuzungushiana pesa. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa waweke humo pesa za mambo ya afya. Baada ya mwaka walikuwa wametumia pesa zaidi kwa kinga ya afya kuliko wasiopewa, tena si kwa tofauti ndogo. Wengine walipewa sanduku ambalo hawakukabidhiwa ufunguo wake, na hilo halikuwasaidia vile katika mambo hayo, kwa sababu waliogopa kufungia pesa ambazo huenda zingehitajika usiku wa manane. Kinachosaidia ni kwamba pesa zina jina. Ombaomba akija unasema, "Hizi ni za hospitali," na husemi uongo. Mkebe wetu sasa umebandikwa karatasi, nao unakaa juu ya kabati mahali kila mtu anapouona.

Pili ni chama cha mama. Wako kumi na wawili, kila mmoja hutoa 500 kwa juma, na mmoja huondoka na 6,000. Hapana riba wala faida. Ukitazama kwa macho ya hesabu tu utasema ni upuzi, kwani unapata kilekile ulichotoa. Lakini jaribu kuweka 500 kila juma peke yako bila kuzigusa, kisha uje unisimulie! Nguvu ya chama ni aibu. Hakuna mama anayetaka kuwa ndiye aliyekosa mbele ya wenzake. Ubaya wake ni kwamba aliyepokea mapema anaweza kuhama na kuzima simu, na limetokea. Ndiyo maana chama cha mama hakimpi mgeni zamu za mwanzo.

Tatu ni ushirika wa akiba na mikopo, yaani Sacco. Baba alijiunga mwaka huohuo. Unaweka kidogo kidogo kila mwezi, na baada ya muda unaweza kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wanachama wa kukudhamini. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Chukua tena zile 3,000 zetu, uzilipe kwa miezi kumi na miwili kwa kipimo sawa cha 250. Riba yote ya mwaka ni shilingi 195. Linganisha na 225 za mwezi mmoja wa simu. Nilipomwonyesha baba hesabu hiyo alininyang'anya kalamu akairudia mwenyewe. Lakini usikimbilie Sacco yoyote yenye bango zuri. Zile zinazopokea amana na kutoa pesa kama benki hupewa leseni na mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Sacco ya 2008, na orodha yake hutangazwa. Iangalie kwanza.

Simu hatujaitupa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 nani atakaa bila? Shida ya pesa za simu ni kwamba hazionekani zikitoka. Noti ikitoka mfukoni unaihisi. Kwa hiyo kila Jumapili baba husoma ujumbe wa juma zima nami naandika, hata zile shilingi 30 za soda ya kujificha. Tulicheka sana Jumapili ya kwanza.

Kuna ubishi mmoja ambao sijaumaliza na mama. Yeye alitaka kila ndururu iende kwenye deni. Tulikula githeri kavu juma hadi juma, na kusema ukweli nyumba ilikuwa na hesabu nzuri lakini haikuwa na uchangamfu. Shosho ndiye aliyeamuru tutenge shilingi 300 kila Jumapili ya pili kwa chapati na nyama kidogo. Mama akasema huo ni ubadhirifu. Shosho akamjibu kwamba mtu hapogoi kahawa kwa hofu pekee, atapogoa siku tatu aache. Mimi niko upande wa Shosho, na si kwa ajili ya chapati pekee, jamani. Juma ambalo tulikuwa na kitu cha kungojea ndilo baba alipoanza kwenda shambani tena. Alisema atafanya miti kumi tu kwa siku. Kumi haitishi. Miti 240 kwa kumi ni siku 24, nami nilizichora kama visanduku kwenye daftari, akawa anatia alama mwenyewe. Siku nyingine alifanya kumi na tano. Siku mbili hakufanya hata mmoja, na hatukumsema.

Hapa lazima nitoe tahadhari, nisije nikaonekana kana kwamba daftari hutibu kila kitu. Kuna huzuni inayoletwa na deni, na kuna huzuni ambayo ni ugonjwa kamili, haijali kama mfuko umejaa. Mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilipendekeza tatizo hili litangazwe janga la taifa. Mtu asiyelala, asiyekula, anayesema heri asingezaliwa, huyo asipelekewe hesabu ya maziwa. Apelekwe hospitali, na apelekwe na mtu anayempenda. Sisi tulibahatika. Ingekuwa baba hakuomba ile chai, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Deni halikuisha kwa siku 39. Ng'ombe aliugua kiwele, kaka akahitaji viatu, na mwanachama mmoja akachelewesha zamu ya mama. Liliisha kwa siku 71. Nimezihesabu.

Mwanzoni mwa 2025 bei ya kahawa katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, na habari hiyo ikafika hadi vijijini. Madalali wa pikipiki na wauzaji wa mikopo wakaanza kuwa marafiki wa kila mkulima. Siku malipo yetu yalipoingia, simu ya baba ililia akiwa kizimbani mwa ng'ombe. Sote tuliisikia. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema neno. Baba alisoma ujumbe, akausoma tena, akaitia simu mfukoni, akamaliza kukamua. Kisha akaja hadi kwenye ngazi, gambuti zikiwa bado na samadi, akaniita.

"Lete daftari," akasema. "Na leo si Jumapili, najua."